King'ora cha Mjomba Katika Chumba cha Mzazi

Kitongoji cha Lukuyu, Mlali,
Kwa kupitia Mwalimu Andrea,
S.L.P. 418,
Morogoro.
22 Agosti 1999

Mpendwa mdogo wangu Yusuph,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika salama nami naitikia marahaba, ingawa sijasahau kwamba ulipokuwa mtoto hukuwa ukiniamkia mpaka uone nimeshika ndizi mbivu. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Glasgow, wewe na wifi yangu Asha na wanangu. Kikohozi cha yule mdogo kimeacha? Na mgongo wako je? Usiniandikie "sijambo" tu halafu ukapita. Mimi ni dada yako, ukiumwa nataka niumwe nawe.

Huku sote tu wazima. Nalitanguliza hilo kwa makusudi, maana najua mkwe wangu Ahmadi alikupigia simu kutoka mjini, na Ahmadi akipiga simu ya nje hupayuka mambo nusu nusu mpaka laini ikatike. Mwanangu Salma mzima. Mtoto wake mzima. Mama naye ni mzima wa mwili, na la moyo wake nitalifikia, kwa kuwa ndilo hasa lililonikalisha chini kuandika.

Baridi ya kipupwe cha mwaka huu imezidi. Ukungu unashuka kutoka mlimani alfajiri na kukaa mpaka adhuhuri. Njegere zimefurahi, watu hawakufurahi. Mama hatoki bila koti lake la mtumba ambalo Ahmadi alimchagulia kwenye gulio. Mgongoni lina picha ya mtu anayeteleza kwenye theluji, na wakimuuliza ni nani, anasema ni wewe. Tumeshachoka kumbishia.

Mtoto wa Salma ni wa kike, mweupe wa macho na mwenye hasira za kwenu wanaume wa ukoo wetu. Amepewa jina la Mama, Zuhura, kwa hiyo Mama hamwiti ila "somo yangu". Ahmadi ni baba na tunamheshimu, lakini wewe ndiye mjomba wa Salma na unajua nani mwenye kauli katika nyumba hii. Jina tulilipitisha kwa kuamini kwamba ungelikubali. Kama hukulikubali, njoo mwenyewe umwambie Mama.

Sasa niingie kwenye lililotupata, na nianze mbali kidogo ili ulielewe vizuri.

Unakumbuka nilivyokuandikia kipupwe cha mwaka jana juu ya kifo cha Maria, mke wa jirani yetu Lukasi, pamoja na kichanga chake. Nilikueleza kama tulivyoelewa sisi: walilala wazima wakiwa ndani ya arobaini ya uzazi, asubuhi hawakuamka, na watu wakasema kuna mkono wa mtu. Ukajibu kwamba si mkono wa mtu, ni jiko la mkaa lililokuwa chumbani. Ukasema mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na moshi wala harufu, anayeivuta huumwa kichwa, hutapika, husinzia, na kichwa hicho hupoa akitoka nje. Nilimsomea Mama maneno yako yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza huko Glasgow kuna mkaa? Nikasema sidhani. Akasema, basi Yusuph amejulia wapi.

Ndipo Kelvin, rafiki yako wa chuo cha Mzumbe, aliporudi kutoka huko akatuletea kile king'ora ulichompa, kinacholia kikinusa hewa hiyo ya sumu. Alipanda na pikipiki mpaka pale barabara inapokwisha, akamalizia kwa miguu na viatu vyake vya ofisini, na Mama akampenda kwa hilo tu. Alikitoa kwenye boksi lake, cheupe, kiduara kama kisosi cha chai, akabonyeza kitufe. Yusuph, kuku wetu mpaka leo wanatembea kwa wasiwasi. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga.

Kelvin alitueleza vizuri. Kitundikwe ukutani katika chumba wanacholala watu, usawa wa kichwa cha aliyelala, hatua chache kutoka penye moto, kisiwe karibu na dirisha wala nyuma ya pazia, kisipate mvuke wa maji. Halafu akasema, tena kwa sauti ya chini kwa kuwa ni mgeni na ni mwanamume anayezungumzia chumba cha mzazi, kwamba king'ora hakizuii kitu, kinaita tu, na lililo bora ni jiko lisiingie ndani kabisa. Mama akamjibu, "Ahsante, baba." Unaijua ile ahsante ya Mama inayofunga mazungumzo.

Kelvin alipoondoka, king'ora kikaenda kukaa sebuleni, kwenye kabati la vioo, pamoja na glasi za harusi yako, juu ya kitambaa nilichokifuma mimi. Kitu kimetoka Ulaya, kimeletwa na msomi, kitakaa wapi tena? Kila mgeni alionyeshwa. Hata imamu alionyeshwa. Mimi nikawa napiga kelele kwamba Yusuph hakuleta pambo, na Mama akasema haya, kitumike, akakichukua na kukitundika jikoni kule nje juu ya mafiga, kwa sababu ndiko kwenye moshi. Kililia tangu uji wa asubuhi mpaka ugali wa jioni. Majirani wakawa wanakuja kutuuliza kama tumefungua kiwanda. Mwisho Mama alikiangusha kwa mti wa ufagio, akakifunika kwa tenga.

Salma alipojifungua kule zahanati na kurudi nyumbani, nilikitoa kwenye tenga nikampa Mama mkononi, nikamkumbusha kwamba mahali pake ni chumba cha mzazi. Na Mama safari hii alinisikia. Alinisikia kwa namna yake.

Wewe mwanamume hujapata kuingia chumba cha arobaini, kwa hiyo nikueleze kinavyokuwa Mama akiwa ndiye mkuu wake. Asubuhi na jioni mzazi anakandwa kwa maji ya moto mpaka chumba kizima kinatoka jasho. Anafungwa tumbo kwa kaniki. Anakunywa uji wa pilipili manga mpaka anaomba rehema. Dirisha linazibwa kwa matambara, chini ya mlango linawekwa gunia, upepo usiingie tumboni kwa mzazi wala kichwani kwa mtoto. Na jiko la mkaa halitoki, linakaa karibu na kitanda likiwa limekolea, lisilo na moshi hata kidogo. Hapo ndipo penye kosa letu. Tulikuwa tunaogopa moshi. Jiko lenye moshi Mama hakuwa akiliingiza ndani hata siku moja. Alikuwa akilipepea nje mpaka mkaa uwe mwekundu wote ndipo alibebe, na aliamini amekwisha kuondoa ubaya wake.

Kuhusu king'ora, Mama alikumbuka Kelvin alivyosema kisipate mvuke. Akakitia ndani ya mfuko wa rambo, akafunga fundo. Halafu akawaza jambo ambalo huko kiwandani kwenu hawakuliwaza. Kwetu kitu kinachomlinda mtoto mchanga hakiachwi uchi. Wageni wanaingia na macho yao, na kinga ikionekana ni kama haipo. Basi alichukua kipande cha kaniki, akakishonea king'ora chote ndani yake, mishono miwili miwili, akakifunga kwenye mguu wa kitanda pamoja na hirizi ya mtoto. Alipomaliza aliniambia nikuandikie kwamba amekitunza. Kilikuwa kimya, kimetulia, na sisi sote tukaona sasa kimepata kwao.

Na jambo jingine, Yusuph, nalo usilisikie vibaya, ni hii nyumba yako. Zamani nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo na nyasi, moshi ulikuwa unajitokea wenyewe kwa juu. Wewe ukatujengea ya matofali, yenye bati na dari na madirisha ya vioo, na Mungu akulipe kwa hilo kila tunaposikia mvua bila kulowa. Lakini nyumba hii ukiizibia matambara haipumui. Halafu Ahmadi, tangu wapunguzwe kazi kule kiwandani kilipouzwa, mbali na mitumba anauza pia mkaa, kwa hiyo mkaa mzuri hatupungukiwi nao. Zamani tungewasha vijiti viwili vya kuni, tukalala.

Salma akaanza kuumwa kichwa. Mama akasema ni baridi, imemwingia alipokwenda uani. Akaongeza mkaa. Salma akatapika uji. Mama akasema unaona, baridi imeshuka tumboni, akaongeza mkaa tena na kuziba mpaka tundu la ufunguo, maana dawa ya baridi ni moto. Mtoto naye akawa analala sana, hata kunyonya anaamshwa. Mama alimsifu kila aliyekuja, "Somo yangu mpole huyu, hasumbui watu." Nilikuwa nampitia Salma kila nikitoka shamba, namkuta amechoka, nami nikafikiri ni uzazi. Kuna nani asiyechoka akishazaa?

Siku hiyo ilikuwa alasiri, ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Ahmadi alikuwa gulioni Mlali. Nimeteremsha kabichi zangu kichwani, nikapiga hodi chumbani, Mama akaitikia kwa sauti nzito kama aliyeamshwa. Nilipofungua mlango joto likanipiga usoni. Mama yuko kwenye kigoda karibu na jiko, anapepesuka akiwa amekaa. Salma ameegemea ukuta, titi liko nje, mtoto yuko mapajani hanyonyi, na Salma hana habari kwamba hanyonyi. Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema kichwa, mama, kichwa kinapasuka.

Sijui ni Mungu au ni wewe. Nilikumbuka yale maneno yako juu ya kichwa kinachopoa mtu akitoka nje. Nikamuuliza, "Ulipokwenda uani je, kilikuwaje?"

Akafikiri kwa muda mrefu, mtu ambaye kwa kawaida ananijibu kabla sijamaliza. Akasema, "Kule kiliacha."

Nilichukua kisu cha kumenyea ndizi nikaanza kupasua kaniki. Mama akanishika mkono. Hakuwa na nguvu, ndiyo maana nikaogopa, kwa sababu mkono wa Mama ukikushika unaujua. "Mwaisha, unamvua mtoto kinga yake?" Nikamwambia, "Mama, kinga hii imezibwa pua." Nikapasua mishono, nikapasua na ile rambo, nikakiweka king'ora wazi juu ya kitanda. Kikanyamaza. Mama akaniangalia, akasema, "Umeona? Kimya. Kishone kama kilivyokuwa." Nami nikaona haya, wallahi, nikaanza kuokota ile kaniki.

Ndipo kikalia. Yusuph, kile kilio cha jikoni kilikuwa mchezo. Nilimnyakua mtoto kama alivyo, nikapiga mlango teke na kutoka naye barazani kwenye ukungu, mtoto ambaye hata kitovu hakijapona vizuri. Katika maisha yangu yote sijafanya jambo la aibu kama hilo mbele ya Mama. Nikampuliza usoni, nikamfinya nyayo, nikamwita kwa jina la Mama. Akakunja uso. Kisha akalia kwa zile hasira zenu, na mimi nikalia naye.

Nilikuwa bado sijui niwarudieje wale wawili na mtoto nimpe nani, nikamwona Lukasi anakuja mbio kutoka shambani kwake. Alikisikia king'ora kutoka ng'ambo ya kijito. Tangu Maria afariki Lukasi hapiti hata mbele ya nyumba yenye mzazi, huzunguka kwa nyuma. Na chumba cha arobaini mwanamume haingii. Aliingia. Alimtoa Salma, akarudi akamtoa Mama mgongoni, maana miguu ilikuwa imekataa, na akarudi tena akalibeba jiko kwa mikono mitupu mpaka uani. Mama, akiwa hajiwezi hata kushika kichwa chake, alikuwa akisema neno moja tu, tumfunike mtoto.

Gari la mboga lilikuwa linapakia pale barabara inapokwisha. Dereva akashusha magunia ya karoti bila kuombwa mara mbili, akatuteremsha mpaka hospitali. Waliwekewa ile hewa ya kupumulia kwa mpira, wote watatu, na somo ya Mama kifuniko chake cha usoni kilikuwa kikubwa kuliko kichwa. Daktari alituuliza jiko lilikuwa wapi, dirisha lilikuwaje, akatikisa kichwa. Alisema kama lingekaa humo mpaka asubuhi tungeitwa kwa ajili ya kuzika. Wamepimwa na kurudiwa kupimwa, na wameruhusiwa. Mtoto ananyonya sasa mpaka Salma analalamika, na mimi nafurahia kumsikia akilalamika.

Lukasi alikaa nasi hospitalini, mikono imefungwa bandeji. Daktari alipokwisha kueleza, yeye akasema polepole, si kwa yeyote kati yetu, "Kwa hiyo Maria hakurogwa." Akainamisha kichwa akalia, mtu mzima, watu wanapita. Kitanda cha Mama kilikuwa pale pale. Aligeukia ukutani, nikadhani amelala.

Najua utataka kujua kwanza king'ora kimewekwa wapi, maana ndivyo ulivyo. Kimo chumbani kwa Salma, ukutani mkabala wa kitanda, kwenye msumari, usawa wa mto anaolalia. Hakina kaniki, hakina pazia, hakina kitambaa cha kufuma, na maji ya kukandia tunayatumia chumba kingine. Kila Ijumaa wanaume wakitoka msikitini Salma anabonyeza kile kitufe, kuku wanakimbia, tunajua ni kizima. Kioo kimoja cha dirisha lako tumekitoa tukaweka wavu, usikasirike. Jiko haliingii. Mtoto anapashwa moto kwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye khanga, na kwa kulazwa kifuani pa mama yake, dawa ambayo ilikuwepo kabla ya mkaa.

Sasa la Mama.

Tangu turudi kutoka hospitali amekuwa mkimya. Mimi nilifikiri ni haya, au ameudhika nilivyomkatia mishono yake. Nikawa namtania, hatanii. Asubuhi moja tulikuwa barazani tunamenya njegere, akaanza kuzungumza bila kuniangalia. Yusuph, mimi nimeishi miaka yote hii nikijua mimi ni kifungua mimba wa Mama. Kumbe si mimi. Kabla yangu kulikuwa na mtoto wa kiume, Rajabu.

Anasema Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge huko bondeni, na walikuwa wanakaa kambini, chumba cha saruji chenye bati na kidirisha kimoja. Ilikuwa kipupwe kama hiki. Bibi aliteremka kwenda kumtunza na jiko likawekwa chumbani, kama ilivyo ada. Asubuhi Rajabu hakuamka. Mama mwenyewe aliamka na kichwa ambacho hajakisahau, akashindwa kusimama hata kumzika mwanawe. Wakasema ni jicho la mwanamke wa chumba cha pili, mgeni aliyetoka mbali, aliyekuwa amemsifu mtoto. Baba akaacha kazi, wakapanda mlima. "Nyinyi wote," akaniambia, "nimewazaa kwenye nyumba ya nyasi."

Akamenya njegere kadhaa. Halafu akasema kwamba Bibi siku ile alilala mapema, amechoka. Yeye Mama ndiye aliyesikia baridi, akajikongoja kutoka kitandani, akaongeza mkaa kwenye jiko ili mtoto apate joto. Akasema, "Mwandikie Yusuph. Yeye ndiye anayejua mambo haya. Muulize kama ni lile jiko."

Nilimshika mkono, akauacha nikaushika, jambo ambalo si kawaida yake.

Kwa hiyo nakuuliza kama nilivyotumwa. Lakini mimi nami nina ombi langu, na nalitoa kama dada yako niliyekubeba mgongoni. Najua utakavyojibu, kwa sababu hata mimi niliyeishia darasa la saba naweza kujibu. Umesoma vitabu vingi, Yusuph, na tunajivunia. Mara hii moja tu, katika kusoma kwako kote, usijue. Mwambie mambo ni ya zamani mno. Mwambie watoto wachanga wa wakati ule walikuwa wakifa kwa homa nyingi, na hilo si uongo. Mwambie hakuna daktari hapa duniani anayeweza leo kusema kwa hakika kilichomuua Rajabu, na hilo nalo, nadhani, si uongo.

Usidhani utakuwa unamficha. Juzi mke wa Yakobo, wale wanaokaa juu ya shule, alijifungua. Mama alipanda kilima kile na fimbo yake na koti lake la theluji, akaingia chumbani bila hodi, akalibeba jiko yeye mwenyewe mpaka nje, akang'oa matambara dirishani. Mama mkwe wa yule binti akamjia juu. Mama hakubishana naye. Aliketi mlangoni mpaka mkaa ulipozimika. Na tayari ameuliza ni nani mwingine mwenye mimba kitongojini. Mtu asiyejua hafanyi hivyo. Anajua, mdogo wangu. Anachokingoja kutoka kwako si elimu.

Kumbuka pia kwamba Mama hasomi. Chochote utakachoandika, mimi ndiye nitakayemsomea kwa sauti, na yeye atakuwa ananitazama mdomoni. Usiniandikie neno ambalo sitaweza kulitamka mbele yake.

Nisalimie sana wifi yangu Asha, mwambie vitenge vyake nimevinunua, nangoja mtu wa kumtumia. Wabusu watoto kila mmoja kwa jina lake. Salma anakushukuru, anasema mjomba amemzaa mara ya pili, na Ahmadi anakusalimu na kuomba radhi kwa ile simu. Lukasi naye amesema nikutajie jina lake. Mikono yake inapona. Kelvin alipita kututazama na safari hii alivaa raba.

Mwenyezi Mungu awahifadhi katika baridi ya huko, awape usingizi wa salama na kuamka kwa salama, nyinyi na sisi, na awarehemu waliotutangulia wadogo kwa wakubwa. Amina.

Mama anakusalimu. Amenikataza nisikuandikie kwamba kila gari la mboga likipanda anatoka barazani kuuliza kama kuna barua.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Mwaisha